Ukuta wa mitandao ya kijamii kwenye sherehe ya shule: una faida, au tununue mchele?

KatibuTanga ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Mimi ni katibu wa kamati ya maandalizi ya sherehe ya miaka 50 ya shule yetu ya sekondari hapa Tanga. Tunatarajia wageni wapatao 600, wakiwemo wanafunzi wa sasa, wazazi, walimu wastaafu na sisi tuliosoma hapo zamani, na shughuli yote itafanyika uwanjani chini ya maturubai, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Kijana mmoja wa kamati anayefanya kazi Dar es Salaam amependekeza tukodi skrini kubwa ya LED iwe ukuta wa mitandao ya kijamii. Kwa maelezo yake, mtu akipakia picha au ujumbe kwenye Instagram au X na kuweka alama ya reli (hashtag) ya sherehe yetu, picha ile itajitokeza yenyewe mbele ya umati, na wenzetu walioko Muscat, London na Toronto watashiriki nasi palepale.

Vijana wamelipenda wazo hilo, ila mweka hazina ameguna, kwa sababu kodi ya skrini pamoja na jenereta lake inakaribia nusu ya fedha tulizotenga kwa ajili ya chakula. Mimi binafsi nimewahi kuona ukuta wa aina hiyo mara moja tu, kwenye mkutano fulani wa kikazi. Kulikuwa na jumbe saba zilizozunguka tangu tulipoketi hadi tulipokwenda kula, na tano kati ya hizo zilitoka kwa waandaaji wenyewe. Baada ya chai sikumwona mtu aliyeinua macho kuutazama.

Naomba kujua mambo matatu kwa waliowahi kufanya kazi hii. Je, ni kweli kwamba machapisho yatajileta yenyewe? Nani anazuia maneno mabaya yasitokee mbele ya mgeni rasmi? Na walimu wetu wastaafu, ambao wengi wao bado wanatumia simu za vitufe, wataingiaje kwenye jambo hili?

FundiMitambo amejibu:

Ndugu Katibu, kazi yangu ni kufunga skrini na vipaza sauti kwenye matukio, kwa hiyo nitajibu swali la kwanza na kuwaachia wengine hayo mawili.

Kijana wenu hajakosea, amechelewa tu. Alichokieleza kilifanyika kwa urahisi miaka kumi na ushee iliyopita, wakati programu za kuta zilipoweza kuingia Twitter bure, kutafuta alama ya reli na kuleta kila kilichoandikwa. Tangu hapo milango imefungwa mmoja baada ya mwingine. Facebook iliacha kuziruhusu programu za nje kupekua machapisho ya watu mwaka 2015. Instagram ilibana baada ya kashfa ya mwaka 2018 ya Cambridge Analytica, kampuni iliyochota taarifa za watumiaji wa Facebook, na mfumo wake wa zamani ukazimwa kabisa mwaka 2020. Mwaka 2023, Twitter, ambayo mwaka huohuo iligeuzwa jina ikawa X, iliondoa ruhusa ya bure ya kusoma machapisho, na malipo ya ngazi ya chini yakaanzia dola 100 kwa mwezi. Isitoshe, hapa Tanzania X ilizuiwa mwezi Mei 2025, na mgeni aliyeketi uwanjani Tanga angehitaji njia za panya ambazo sidhani kama mkuu wa shule atapenda zitangazwe kwenye kipaza sauti chake.

Instagram bado inaruhusu utafutaji kwa alama ya reli, ila masharti yake ni mengi. Anayetafuta lazima awe na akaunti ya kibiashara au ya watayarishaji wa maudhui, haruhusiwi kutafuta zaidi ya alama 30 tofauti ndani ya siku saba, machapisho mapya anayoletewa ni ya saa 24 zilizopita tu, na picha haiji na jina la aliyeipakia. Stori hazimo, na akaunti za faragha hazimo. Hilo la jina lifikirieni vizuri, kwa sababu kwenye sherehe ya shule jambo la kwanza ambalo mtu atamwuliza jirani yake ni: huyu ni nani?

Ushauri wangu ni WhatsApp, ambayo karibu kila mgeni wenu mwenye simu janja anayo. Huko hakuna alama ya reli ya kutafuta, kwa hiyo ni lazima mtu awatumie ninyi moja kwa moja, na kwa maoni yangu hiyo ni faida. Nunueni laini moja mpya, ifungulieni akaunti ya biashara, kisha iandikeni namba hiyo kwenye kadi za mwaliko na kwenye bango la getini pamoja na msimbo wa QR. Picha zikiingia kwenye kompyuta, mtu anazichagua na kuzipanga kwenye slaidi zinazojizungusha. Hakuna programu ya kulipia inayohitajika. Waliopo Muscat na Toronto waanze kutuma wiki mbili kabla, kwa sababu siku yenyewe, watu 600 wakiwasha simu kwenye uwanja mmoja, mtandao utazubaa, na ninyi mtakuwa na akiba ya kutosha ya kuonyesha hata intaneti ikikatika kabisa.

Kuhusu skrini yenyewe, projekta isahauni, kwa sababu mchana wa Tanga hamtaona kitu. Kwenye LED mtasikia mafundi wakitaja P3, P4 au P5. Namba hiyo ni umbali wa milimita kati ya taa na taa, na kwa makadirio yetu ya kazini kila milimita inadai mtazamaji akae angalau mita moja mbali ili picha isionekane vidoti vidoti. Ninyi mko uwanjani, mtu wa karibu kabisa atakuwa mita saba au nane, kwa hiyo msikubali kuuziwa P3 kwa bei ya ukumbini. Hakikisheni tu kwamba ni LED ya nje yenye mwanga wa kushindana na jua, na isielekee magharibi, maana jua la alasiri litaimeza.

Halafu kuna ukubwa wa herufi, jambo ambalo karibu kila mwandaaji hulisahau. Mtu aliye umbali wa mita 30 anahitaji herufi zenye kimo cha sentimita 25 hivi ili asome bila kukunja uso. Skrini yenye kimo cha mita mbili, ukiacha nafasi kati ya mistari, itachukua mistari mitano kwa shida. Ujumbe mrefu kama barua ya posa usiwekwe.

MC_Kaskazini amejibu:

Nami nichangie kwenye swali la pili, kwa kuwa liliwahi kunitoa jasho nikiwa nimeshika kipaza sauti.

Ilikuwa sherehe ya kumuaga binti, ukumbi umejaa, na waandaaji walikuwa wamekodi ukuta wenye kichujio cha kujiendesha. Tuliambiwa tusiwe na wasiwasi, programu itazuia matusi yote. Kumbe ilikuwa imefundishwa matusi ya Kiingereza peke yake, na mojawapo ni lile la herufi tatu linalopatikana katikati ya majina ya Hassan, Kassim na Massawe. Kwa hiyo jumbe za akina Hassan zilizuiwa, familia nzima ya akina Massawe ikatoweka skrinini, na watu wakaanza kunifuata jukwaani kuuliza kwa nini upande wao umebaguliwa. Wakati tunahangaika na hilo, ukapita ujumbe mmoja mzuri, wenye maua pande zote: "Hongera sana dada yetu. Safari hii Mungu ajaalie idumu."

Hakuna tusi hapo. Hakuna programu duniani itakayoyashika maneno "safari hii". Lakini ukumbi mzima ulijua kwamba bibi harusi aliwahi kuolewa, na mama yake mzazi alinyanyuka mezani akatoka nje. Ujumbe ulikaa pale sekunde 20, kwa sababu hakuna aliyejua kitufe cha kuzimia kiko wapi.

Waswahili tunatukanana kwa adabu. Mtu anayeweza kukusema kwa kanga aliyojifunga hashindwi na kisanduku cha ujumbe. Kwa hiyo mchujaji wenu asiwe kijana wa kukodi kutoka Dar es Salaam, hata awe hodari wa kompyuta kiasi gani. Awe mtu wa pale, mwenye umri, anayejua nani aligombana na nani, mwalimu gani aliondoka kwa ugomvi, na lile jina la utani la mkuu wa shule wa zamani lilitokana na nini. Kijana akae pembeni yake abonyeze vitufe. Kisiende kitu skrinini bila yule mzee kuitikia kwa kichwa, na slaidi moja yenye nembo ya shule iwe tayari muda wote ili ikihitajika ifunike kila kitu mara moja.

Wala msidhani haya ni ya kwetu tu. Mwaka 2009 kampuni ya pipi za Skittles huko Marekani iligeuza ukurasa wa mbele wa tovuti yake kuwa ukuta wa kila kilichoandikwa Twitter kuhusu Skittles, bila mchujaji. Watu walipogundua kwamba chochote watakachoandika kitatokea kwenye tovuti ya kampuni kubwa, waliandika kila uchafu uliowajia kichwani, na ukurasa ule ukaondolewa haraka.

Jambo jingine ambalo halina mzaha ni picha za wanafunzi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na picha ya mtoto inayomtambulisha ni taarifa yake. Ombeni ridhaa ya wazazi kwa maandishi kabla, na kwenye bango la namba yenu andikeni wazi kwamba kitakachotumwa kinaweza kuonyeshwa mbele ya watu.

BibiWaSalamu amejibu:

Wanangu, nimesoma kwa utulivu mkubwa, na ninyi vijana mnaliona jambo hili kama limezaliwa na intaneti. Nilifanya kazi ya redio kwa miaka mingi, enzi za kadi za salamu. Msikilizaji alinunua kadi, akaandika jina lake na mahali anapoishi, akaorodhesha anaowasalimu, kisha akaituma kituoni. Kadi zilikuja kwa marobota. Tulipozisoma, mtu aliyekuwa kijijini aliacha jembe akakimbilia redioni, na wapo waliokaa wiki tatu wakisubiri jina lao litajwe kwa sekunde tano. Walianzisha vyama vyao vya salamu, wakajuana mikoa kwa mikoa kabla ya kuonana sura.

Nilichojifunza kwenye kadi zile ni kwamba mtu hakuwa akisubiri kuusikia ujumbe, ambao mara nyingi ulikuwa uleule wa "wazima wa afya njema". Alisubiri kutajwa. Kwa hiyo, Katibu mwanangu, usiuache ukuta wako ukae kimya. Mshereheshaji asome kwa sauti baadhi ya jumbe, ataje jina la aliyetuma, mwaka aliomaliza na mahali aliko, kisha aangalie umati na kuuliza nani alikuwa naye darasani. Hapo ndipo utaona mikono inainuka. Walimu wastaafu, ambao macho yao hayafiki skrinini hata herufi zikiwa na sentimita 50, watasikia.

Kwa wasio na simu janja, weka meza karibu na lango, yenye kadi nyeupe na kalamu za wino mzito. Mwalimu mstaafu aandike mistari miwili kwa mkono wake, mwanafunzi wa kidato cha tatu aipige picha kadi hiyo na kuituma kwenye ile namba. Mwandiko wenyewe ndio uonekane skrinini, msiupige chapa upya. Waliofundishwa na mwalimu yule watautambua mwandiko ule hata kabla ya kuliona jina, hasa wale waliowahi kurudishiwa madaftari yao na wino mwekundu.

MtuWaMichenzani amejibu:

Shikamoo Bibi, umenigusa. Mimi niko Unguja, na sisi tumekua na kuta za maneno bila umeme. Ubao wa chaki wa maskani (kijiwe) ya Kisonge hapa Michenzani unajulikana kisiwa kizima kwa maneno yake makali ya siasa, na pale Jaws Corner katika Mji Mkongwe watu hunywa kahawa wakijadili yaliyoandikwa ubaoni. Sizungumzii siasa zao, nazungumzia namna mbao hizo zinavyofanya kazi. Mpita njia husimama kwa sababu maneno ya jana yamefutwa na ya leo yameandikwa, na kwa sababu yanamhusu mtu au jambo analolijua. Ubao wenye tangazo lilelile kwa wiki nzima hugeuka ukuta wa kawaida, watu wakaegemeza baiskeli.

Zile jumbe saba ulizoziona mkutanoni, Ndugu Katibu, nadhani zilikuwa saba kwa sababu watu hawakuulizwa kitu. Waliambiwa "tushirikishe maoni yako", na mtu akiambiwa hivyo huandika "hongereni kwa maandalizi mazuri" au huacha. Ulizeni swali dogo ambalo kila mmoja ana jibu lake na jirani yake atalipinga: Ulilala bweni gani, na kiranja wako alikuwa nani? Mpishi gani wa shule hutamsahau? Adhabu gani uliipata bila kosa? Badilisheni swali kila baada ya saa moja, lile la zamani lisirudi. Hilo la adhabu liwekeni mchana, watu wakiwa wameshashiba na walimu wa zamani wameketi mbele. Kutakuwa na kujitetea kwingi.

MwalimuMstaafu amejibu:

Mimi nina pingamizi, ingawa silipingi wazo zima. Nilihudhuria mahafali mahali fulani ambapo skrini iliachwa ikiendelea wakati mzee mmoja anatoa historia ya shule. Alifika kwenye habari za mwalimu aliyefia kazini, na wakati huohuo umati ukaangua kicheko kwa sababu ya picha ya vijana waliovaa kaptula za mwaka 1983. Mzee alidhani anachekwa yeye, akafupisha maneno yake na kuketi.

Kwa hiyo ratiba ya ukuta ipangwe kama ratiba ya wazungumzaji. Uwashwe wageni wanapowasili, wakati wa chakula na wakati wa muziki. Wakati wa dua, wimbo wa taifa na hotuba uonyeshe nembo ya shule peke yake. Tena mchujaji apewe idhini ya kuzipunguza zile jumbe za kumsifu mgeni rasmi, kwa maana zikiachiwa zitajaza skrini tangu asubuhi, na zote zitatoka kwa watu wanaotafuta kuonwa naye.

KatibuTanga ameandika tena:

Nawashukuru sana, na kwa Bibi nasema shikamoo. Tulikaa kikao jana usiku na kuyasoma majibu yote kwa sauti. Tumeamua kukodi skrini ndogo ya P5 kwa saa sita badala ya siku nzima, hivyo mchele wa mweka hazina umepona. Namba ya WhatsApp tayari tumeifungua, na ile X tumeiondoa kwenye mpango. Mchujaji atakuwa aliyekuwa mtunza stoo wa shule kwa miaka 31, ambaye baada ya kusomewa kisa cha "safari hii" alicheka, kisha akatutajia majina manne ya watu ambao jumbe zao atazisoma mara mbili.

Limebaki jambo moja. Tangu tuitangaze ile namba tumepokea picha nyingi za walimu na wanafunzi wenzetu waliotangulia mbele ya haki, na familia zao zinaomba zionyeshwe. Tukizichanganya na picha za kaptula, tutaumiza watu. Tukiziacha, vilevile tutaumiza.

BibiWaSalamu amejibu:

Usizichanganye, mwanangu. Zipe dakika zake, baada tu ya dua ya ufunguzi, picha moja moja na jina na miaka ya utumishi, bila muziki na bila maelezo ya mshereheshaji. Kabla ya hapo, mtoto mmoja wa kamati azipigie simu familia zote kuhakikisha tahajia ya kila jina. Redioni tulisamehewa makosa mengi, lakini jina la marehemu lililokosewa lilituletea wageni mlangoni.

FundiMitambo amejibu:

Na picha hizo ziwekwe kwenye faili la peke yake ndani ya kompyuta, zisitegemee intaneti. Fanyeni majaribio siku moja kabla, saa ileile ya asubuhi na jua lileile, huku mtu mmoja amesimama kwenye kiti cha mwisho kabisa akisoma majina kwa sauti. Akishindwa kulisoma jina lolote, ongezeni herufi. Jenereta nalo lijazwe mafuta usiku huohuo, msisubiri asubuhi.